Si Wataoana Tu?

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi Tabata, nimekaa nyuma kabisa karibu na feni, mswada uko mapajani. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, akauchukua, akasoma nusu ukurasa, akanirudishia kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa mtaroni. "Shemeji, hivi hizi hadithi za mapenzi mnasomea nini? Mwisho si wataoana tu?"

Naomba mwelewe alisemea wapi maneno hayo. Kikao kilikuwa kimeingia saa yake ya tatu. Mwenyekiti na mweka hazina walikuwa mbele wanabishana kama ndafu mmoja anatosha au wawekwe wawili, na MC wa laki nane ana kipi asichonacho wa laki tano. Bwana harusi anajulikana. Bibi harusi anajulikana. Tarehe imeshachapwa kwenye kadi za mchango. Mle ndani hapakuwa na mtu mwenye shaka kwamba wataoana, na hakuna aliyeondoka. Shemeji mwenyewe alishanyoosha mkono mara nne kuhusu rangi ya mapambo.

Sikumjibu, maana shemeji ni shemeji. Namjibia hapa.

Mimi ni mhariri wa riwaya. Miswada mingi inayonifikia siku hizi ni ya mapenzi, au ya majini, au ya mapenzi na majini humo humo. Mingine itakuwa vitabu, mingine ni simulizi za WhatsApp, zile ambazo Sehemu ya 14 inakatikia mlango unapogongwa, na ukitaka kujua nani anagonga unatuma buku. Swali la shemeji nimeulizwa na mwalimu wa fasihi, nimeulizwa na dereva wa bajaji, nimeulizwa na mtu aliyekuwa na deni langu la uhariri na akadhani swali hilo litapunguza deni. Siku moja niliulizwa na mwandishi mwenyewe wa riwaya ya mapenzi, kwa sauti ya chini, kama anayeungama.

Kwanza lile jepesi. Ndiyo, mwisho unajulikana, na umewekwa ujulikane. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kinazitambua kwa mambo mawili tu: penzi ndilo liwe uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho umridhishe msomaji, uwe na matumaini. Ukimuua bibi harusi kwenye ukurasa wa mwisho umeandika kitu kingine, huenda kizuri kuliko vyote, ila usikiuze kwa jina hilo. Mills & Boon, ambao vitabu vyao vilivyong'oka majalada tulikuwa tunavichambua kwenye turubai kando ya Samora, walianza kazi London mwaka 1908, na sijawahi kukutana na msomaji wao anayelalamika kwamba alidanganywa kuhusu mwisho. Halafu mbona msomaji wa upelelezi hasumbuliwi? Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anafumbua mafumbo tangu mwaka 1960, kila anayekishika kitabu anajua kwamba atafumbua, na kukisoma kunaitwa kuchangamsha akili. Hilo nimelimaliza.

Kinachonichosha ni kile kinachojificha nyuma ya swali: kwamba kama mwisho unajulikana, basi katikati ni kujaza kurasa tu. Hapo ndipo waandishi nao wanapoponzeka, kwa sababu wengine wanaliamini, wanajaza kurasa kweli.

Mwezi huu nimesoma vitabu vinne. Majina sitaji, waandishi ni wateja wangu na Dar ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye foleni.

Cha kwanza: muuguzi wa Kigamboni na fundi wa boti. Wanapendana hadi sura ya tano. Sura ya sita fundi anamwona muuguzi amemkumbatia mwanamume kwenye foleni ya panton. Ananuna. Haulizi. Yule mwanamume ni kaka yake muuguzi, ametoka Mtwara. Tunakuja kulijua hilo baada ya kurasa mia na arobaini. Kurasa mia na arobaini, jamani, kwa jambo ambalo simu ya dakika moja ingelimaliza, na simu wanazo, kila mmoja ana laini mbili!

Mwandishi aliniambia kwamba hicho ndicho kizuizi, kile kinachowatenganisha wapenzi. Sicho. Huko ni kuchelewesha. Kipimo changu ni cha mkekani: waketishe wahusika wako wawili mkekani, wape chai na dakika kumi, kila mmoja aseme ukweli wake wote. Wakiinuka tatizo likawa limekwisha, hukuwa na kizuizi, ulikuwa na watu wawili wagumu wa kuuliza. Wakiinuka tatizo likawa lipo palepale, tena zito zaidi kwa sababu sasa wote wanalijua, hapo una riwaya.

Cha pili kilikuwa nacho hicho kizuizi. Mjane, fundi cherehani wa Mbagala, anaishi na watoto wake kwenye nyumba ya ukoo wa marehemu mumewe. Anayempenda ni rafiki wa marehemu, mtu aliyebeba jeneza. Akiolewa, ukoo utamtaka aondoke, na watoto umewaambia wazi kwamba wao ni wa pale. Hakuna siri yoyote katika kitabu hicho. Wanaambiana ukweli kila sura, na ukweli ndio unaowatenganisha. Kuna mahali mwanamume anamletea kitambaa cha kushona suruali, mjane anampima kiuno kwa futi kama anavyompima mteja yeyote, anatamka namba, mtoto anaiandika kwenye daftari. Basi. Hakuna kilichosemwa. Nilikuwa kwenye mwendokasi natoka Kimara nishuke Magomeni, nikajikuta Fire, kituo nimeshakipita. Nilijua tangu jalada kwamba wataoana. Nilichokuwa sijui ni nani atalipa, na atalipa nini, na kama nitakubali kwamba ilistahili.

Ni kama posa. Mshenga anapobisha hodi kila mtu uani ameshajua atakalosema, na chakula kimeshapikwa. Bado kuna kilemba cha baba, kuna mkaja wa mama, kuna mjomba ambaye miaka yote hakuonekana na leo ana neno. Watu hawaketi pale kujua jibu. Wanaketi waone binti anathaminiwa kwa kiasi gani na nani atanuna.

Sasa twende kwenye majini, ambako ujinga ni uleule umevaa kilemba. Hadithi za uchawi na viumbe visivyokuwepo tunaziita njozi, na huko naambiwa: "Njozi ni rahisi, dada, unaandika chochote unachotaka." Hasha. Unaandika chochote unachotaka mara moja, kwenye sura ya kwanza. Kuanzia hapo umefungwa na ulichoandika. Brandon Sanderson, mwandishi wa njozi wa Marekani, alilieleza hilo mwaka 2007: uwezo wako wa kutatua tatizo kwa uchawi, na msomaji akaridhika, unategemea jinsi msomaji alivyouelewa uchawi huo kabla. Cha tatu nilichosoma mwezi huu kina jini anayeruka, anayefufua, anayesoma mioyo na kuzima umeme wa wilaya nzima. Nikiwa ukurasa wa themanini nikajiuliza kwa nini hakumaliza hadithi ukurasa wa tisa. Mwandishi naye hakuwa na jibu, akaniletea jini wa pili mwenye nguvu zaidi.

Na jambo hili si la kujifunza kwa wageni. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, Shaaban Robert anawageuza ndugu wawili kuwa manyani, kisha kila usiku Adili anapaswa kuwachapa viboko kwa amri ya jini, na yeye ni ndugu yao na moyo unamuuma. Angalia hapo: uchawi una ratiba na una bei, na anayeilipa si aliyeutenda. Ningemwonyesha kila mwandishi wangu ukurasa ule kabla hajaandika neno jini. Ajabu yake, kitabu kama hicho, au Kusadikika, nchi inayoelea angani na mipaka yake ni upepo, kikisomwa darasani hakuna anayekiita njozi. Kinaitwa riwaya dhati, yaani fasihi nzito. Cha jirani yangu wa Sinza chenye jini kinaitwa riwaya pendwa, yaani ya kujiburudisha, na mwalimu analitamka neno "pendwa" kama anasoma majibu ya maabara.

Cha nne ndicho kilichonikosesha usingizi, na ndicho nilichokuwa nacho kikaoni. Simulizi ya jini mahaba.

Wapo wanaodhani kuchanganya mapenzi na majini ni mtindo mpya ulioshuka na ndege. Pwani hii msichana akikataa wachumba watatu, kabla hajaulizwa ana lipi moyoni, shangazi ameshasema ana jini mahaba, yule anayempenda binadamu na kuwafukuza wengine wote. Mwandishi wangu amefanya jambo la ujasiri: jini ndiye shujaa. Msichana wa Kinondoni, wachumba wake wanaugua mmoja baada ya mwingine, na usiku chumba kinanukia udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Ugomvi wetu ulianzia hapa. Jini mahaba habembelezi, anampanda mtu. Yumo ndani. Basi moyo wa msichana unapodunda kwa ajili yake, unaodunda ni moyo wa nani? Nina ugomvi huohuo na limbwata. Mwaka hauishi bila mswada ambao mume mkorofi anatulia sura ya mwisho kwa sababu ya kitu kilichotiwa kwenye mchuzi, na mwandishi anategemea nishangilie. Nishangilie nini? Mtu aliyelishwa hakuchagua. Mahari kubwa kuliko zote katika hadithi ya mapenzi ni kwamba yule mtu angeweza kukataa, na hakukataa. Ukiliondoa hilo, una habari ya polisi yenye maua.

Nikamwandikia mwandishi: jini lazima amtoke kwanza. Ampe nafasi ya kuwaza bila yeye.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kuku wanalia: "Dada mhariri, jini akishamtoka mtu, hadithi si imeisha? Jini anayeomba ruhusa ni jini gani huyo? Huyo ni mwanamume wa Masaki mwenye manukato mazuri."

Nilicheka, halafu nikakaa na jibu hilo wiki nzima, kwa sababu huenda ana haki. Msomaji wake anamjua jini mahaba kwa nyumba alizoziona, kwa binamu aliyepelekwa kilingeni. Nikimfundisha jini adabu zangu, nimebaki na jini au nimebaki na mimi? Sina uhakika. Vitabu vya kufundisha uandishi vingekwambia kwamba kanuni ya hiari haina ubishi. Nami naiamini, ila naiamini kama msomaji aliyelelewa na riwaya za aina fulani, kutoka kwenye turubai fulani.

Tulipofikia ni hapa. Msichana anapelekwa kupungwa, ngoma inapigwa hadi alfajiri, jini anatoka kweli. Siku saba hakuna harufu, hakuna ndoto. Mchumba mpya anakuja, mzima wa afya, mwenye kazi bandarini, na anakaribishwa chakula. Siku ya nane msichana anaingia chumbani, anafunga mlango, anachukua chetezo, anawasha udi mwenyewe.

Niliposoma sehemu hiyo nilisimama jikoni bila kukumbuka nilifuata nini.

Wasomaji wake wa WhatsApp walisema siku saba zinachosha. "Jini yuko wapi?" waliandika. Wawili wakadai buku lao.

Na kuna jambo lingine, niliseme kabla mtu hajanisemea. Mwaka jana nilisoma simulizi yenye kila dhambi niliyoitaja: ugomvi wa kutoulizana, limbwata, jini asiye na mipaka, kaka aliyedhaniwa mchumba. Niliisoma hadi adhana ya alfajiri. Kwenye ripoti niliandika "irekebishwe kuanzia sura ya tatu", nikaipeleka, kisha nikamtumia mwandishi buku kwa simu niipate Sehemu ya 31. Sijui kwa nini. Nimejaribu kipimo cha mkekani, kimegoma.

Mwandishi wa jini mahaba ameniletea toleo jipya jana, siku saba zimekuwa tatu. Nitalisoma leo jioni, nyuma karibu na feni, kwa sababu kuna kikao tena. Suala la ndafu limefunguliwa upya, na aliyelifungua ni shemeji.