Je, wajua kwa nini mtoto wa maskini hukosa mkopo wa chuo uliokusudiwa yeye?

Majina ya waliopangiwa mikopo yakitoka, mtaani huzuka mjadala uleule: imekuwaje mtoto wa mama muuza vitumbua amekosa, na wa mwenye duka la jumla amepata? Wengi humalizia kwa kusema nchi hii ni ya kujuana. Mara nyingi sababu ni ya kikaratasi tu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania (HESLB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, haimtembelei kila mwombaji kuona paa la nyumba yao. Humpima kwa alichojaza na kwa nyaraka alizoambatisha. Shida isiyo na nyaraka mfumo hauioni, na aliyezaliwa ndani ya shida ndiye mwenye nyaraka chache kuliko wote.

Tuanze na yatima, maana ndiye anayeumizwa zaidi. Baba amefariki kijijini, amezikwa siku ya pili, kila mtu anajua. Lakini kifo hakikuandikishwa popote. Miaka kumi baadaye kijana anafika kwenye kipengele cha wazazi na hana cheti cha kifo. Akijaza kwamba baba amefariki bila ushahidi, dai lake halihesabiki; akikiacha kipengele, anaonekana ana wazazi wawili walio hai. Njia ipo, ila inataka muda: barua ya mtendaji wa kijiji au kibali cha mazishi kama kilitolewa, kisha maombi ya cheti kwa msajili katika ngazi ya wilaya, kisha uhakiki wa cheti hicho kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Zanzibar kazi hiyo hufanywa na wakala wa huko, ZCSRA. Ni safari za wiki kadhaa, na dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa mnamo Agosti. Anayeanza kutafuta cheti siku dirisha linapofunguliwa ameshachelewa. Wakati wake ni likizo ya kidato cha tano, au hata kabla ya hapo.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina mitego yake. Kuwa nacho hakutoshi. Lazima kihakikiwe RITA na mwombaji apate majibu ya uhakiki. Wengine hugundua wakati huo kwamba walichonacho ni tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, ambalo halichukui nafasi ya cheti. Halafu kuna majina. Cheti kinasema Mohamed, matokeo ya kidato cha nne yanasema Mohammed, au jina la babu limeingia upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Mfumo humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo jina lililo Baraza la Mitihani ndilo linaloongoza. Tofauti ikiwapo, irekebishwe mapema kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kutegemea ukubwa wa tofauti yenyewe.

Kosa linalosikitisha kuliko yote ni la kijana aliyesomeshwa na mfadhili. Kanisa, shirika au mtu baki alimlipia ada katika sekondari binafsi ya gharama kubwa. Bodi huangalia shule aliyosoma, na shule ya bei mbaya humaanisha familia yenye uwezo, isipokuwa pawe na barua ya aliyelipa. Barua hiyo inapaswa kutaja jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye vyeti, shule, miaka aliyofadhiliwa na kiasi cha ufadhili, na iwe na saini na mhuri. Ichukuliwe mwanafunzi akiwa bado shuleni, kwa sababu wafadhili huhama na ofisi hufungwa.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ina ushahidi tayari na mara nyingi haijui. Namba ya kaya ijazwe mahali pake, na jina la mnufaika lisomeke kama lilivyo kwenye orodha ya kijiji. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, hahitaji picha. Anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Kisha kuna steshenari. Vijana wengi hujazia fomu kwa mjasiriamali mwenye kompyuta pale stendi, na hapo huharibika mengi. Mhudumu hutumia namba yake ya simu na barua pepe yake, nywila anabaki nayo yeye, na ujumbe wa "rekebisha maombi yako" unamfikia mtu asiyemkumbuka tena mteja wake. Tumia namba yako, andika nywila kwenye daftari, na usiondoke kabla hujaona kwa macho kwamba kurasa zilizopakiwa zinasomeka. Fomu huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, kisha kurasa hizo zikapakiwa upya. Mhuri uliofifia au saini iliyokatwa na skana hurudisha maombi nyuma. Ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh 30,000, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wenyewe. Anayekuambia umtumie yeye fedha "akusaidie kupitisha" anakuibia.

Mwenye nyaraka zote anaweza bado kukwama upande wa udahili. Aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu asipothibitisha kimoja kwa wakati hapangiwi mkopo katika awamu hiyo, maana Bodi haijui ni chuo kipi cha kulipa.

Na akishapata? Hapa wazazi hushangaa. Mkopo una vipengele, na si kila mtu hupewa vyote kwa kiwango kamili. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanachuo huziita bumu, zilipandishwa kuwa Sh 10,000 kwa siku mwaka 2022/23 na hutolewa kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni Sh 600,000. Lakini fungu la kwanza haliji siku ya kufika. Mwanafunzi lazima asajiliwe, chuo kithibitishe yupo, kisha asaini kupokea. Usajili wenyewe unadai michango ya moja kwa moja: bima ya afya (NHIF kwa mwanafunzi ilikuwa Sh 50,400 kwa mwaka), kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na sehemu ya ada isiyobebwa na mkopo. Asiye na fedha hizo hasajiliwi, na asiyesajiliwa hapati bumu. Ndugu wakitaka kuchangia, wachangie hapa: michango ya usajili, na chakula cha wiki nne hivi. Harambee ya sanduku na godoro jipya ingeweza kusubiri.

Kuhusu deni, hofu ya wazee ni kubwa kuliko hali ilivyo. Makato ya aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021.

Aliyekosa, au aliyepata kidogo, ana dirisha la rufaa baada ya awamu kutoka. Barua ndefu ya kusimulia dhiki haibadilishi kitu. Rufaa hubadilishwa na karatasi ambayo haikuwepo mwanzoni: cheti cha kifo kilichohakikiwa, barua ya mfadhili, fomu ya ulemavu, namba ya TASAF iliyosahauliwa. Kwa hiyo anayesubiri cheti kutoka wilayani asikate tamaa dirisha la kwanza likifungwa. Atume maombi kwa alivyonavyo, aendelee kufuatilia cheti, kisha akipeleke kwenye rufaa.