Zaka haina msimu wa Ramadhani peke yake

Kila minada ya korosho inapoanza, kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi hurudi ujumbe uleule: "Zaka hailipwi nje ya Ramadhani. Hela ya korosho itunze mpaka mfungo." Si kweli.

Zaka ya fedha hufuata mwaka wako mwenyewe. Siku akiba yako ilipofika nisabu, kiwango cha chini cha kutolea zaka, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu (wapo wanaopima kwa gramu 595 za madini ya fedha), andika tarehe ya Hijria, kalenda ya Kiislamu. Ukitimia mwaka, na akiba haijashuka chini ya nisabu, gawa kwa 40. Shilingi milioni 40 zinatoa milioni moja. Bei ya gramu muulize sonara siku hiyohiyo, maana ya mwaka jana haifai. Mwaka wa Hijria una siku kama 354, kwa hiyo anayehesabu kwa Januari hadi Desemba huchelewa siku 11 hivi.

Mpunga na mahindi hayangoji mwaka: zaka yake ni wakati wa mavuno, sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, nusu yake kwa la kumwagilia kwa gharama.

Mkanganyiko unatokana na zakatul-fitri, ambayo kweli ni ya mwisho wa Ramadhani: kilo 2.5 hadi 3 za chakula kwa kila kichwa. Tena wengi hupenda kutoa hata zaka ya fedha ndani ya Ramadhani kwa ajili ya thawabu, jambo zuri, ila si sharti.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Kuhusu korosho zenyewe madhehebu yanatofautiana. Muulize sheikh wa msikiti wako, ukiwa na stakabadhi ya malipo mkononi.