Udhibiti wa upangishaji wa muda mfupi katika mitaa ya makazi

Nyumba ikipangishwa kwa mwaka mzima, aliyemo ni mpangaji. Ikipangishwa kwa siku mbili tatu, wakitoka hawa wanaingia wengine, halmashauri huuliza: hii bado ni nyumba ya kuishi, au imeshakuwa hoteli? Sheria ndogo zinazojibu swali hilo ndizo zinazoitwa udhibiti wa upangishaji wa muda mfupi. Hoteli ina leseni, hukaguliwa kwa usalama wa moto, hulipa ushuru wa wageni, na hujengwa mahali palipotengwa kwa biashara. Fleti ya ghorofa ya tatu inaweza kuyakwepa yote hayo.

Majirani hulalamikia zaidi masanduku yanayoburutwa ngazini saa nane usiku, na takataka zinazotolewa siku isiyo yake. Ni kero kweli, lakini uzito wa jambo uko kwingine: fleti inayoingiza fedha nyingi kwa watalii haitarudi kwa familia inayotafuta pa kuishi, na kodi ya pango hupanda.

Kila jiji lina kipimo chake. London inaruhusu nyumba nzima kupangishwa hadi usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. New York ilianza kubana Septemba 2023: kwa ukaaji usiofika siku 30, mwenyeji ajisajili, awepo mwenyewe nyumbani, na wageni wanaolipa wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kuwa haitahuisha leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, zitakapokwisha mwaka 2028.

Sharti la mwenyeji kuwepo naliona la busara kuliko ukomo wa siku, kwa sababu linamtenganisha mjane anayepangisha chumba cha ziada na kampuni yenye fleti ishirini. (Wenye fleti ishirini, bila shaka, hupenda kumtanguliza mjane huyo mikutanoni.)

Ugumu uko kwenye kuhesabu. Mwenyeji anaweza kutangaza fleti moja kwenye majukwaa matatu, yaani tovuti za kupangishia nyumba kama Airbnb, akapangisha usiku 60 kwa kila moja. Kila jukwaa litamwona yuko ndani ya ukomo wa 90, ilhali ameuza 180. Ofisa wa halmashauri hana la kushika, labda akasimame mlangoni kuhesabu wageni. Ndiyo maana miji mingi imehamia kwenye namba ya usajili: lazima ionekane kwenye tangazo, na tangazo lisilo nayo liondolewe. New York ilikwenda mbali zaidi, ikayakataza majukwaa kupitisha malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Nao Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024 inayoyataka majukwaa yenyewe yapeleke takwimu za upangishaji kwa mamlaka.