Je, mbolea ya urea hutoka kwenye mkojo?

Hapana, ingawa mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka. Jina linakuvuta huko, na mfuko ulioingia unyevu hutoa harufu ya amonia inayochoma pua, basi nikajumlisha.

Mkojo una urea kweli. Mfaransa Rouelle aliitenga humo mwaka 1773. Lakini piga hesabu: mtu mzima hutoa gramu 20 hadi 30 hivi kwa siku, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 ungemdai zaidi ya miaka minne. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, aliipata kwa chumvi za maabara, akamwandikia mkemia mwenzake Berzelius kwamba ametengeneza urea bila figo ya mtu wala ya mbwa. Husemwa kuwa hapo ndipo ilipozikwa imani kwamba vitu vya viumbe hai vinahitaji “nguvu ya uhai”. Hilo limetiwa chumvi. Imani hiyo ilikufa polepole.

Kiwandani malighafi ni gesi mbili, amonia na kabonidioksidi, na hiyo ya pili kwa kawaida ni taka ya mtambo uleule unaotengeneza amonia. Zikikutanishwa kwenye nyuzijoto 180 hivi na mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 140 au zaidi, huungana haraka kuwa chumvi iitwayo amoni kabamati.

Kazi iko hatua ya pili. Chukulia kabamati ni nguo iliyoloa: ikikamuka maji, kinachobaki ni urea. Ila hapa unaikamulia ndani ya ndoo ileile. Kadiri maji yanavyojaa ndooni, ndivyo nguo inavyoyanywa tena, hadi kinachotoka kinalingana na kinachorudi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kabamati hutoka ingali mbichi. Haitupwi: hupashwa moto, huvunjika kuwa gesi zilezile mbili, nazo hurudishwa mwanzo.

Kioja ninachokipenda zaidi ni tangi lenyewe ambamo haya hutokea. Kabamati ya moto hula hata chuma cha pua, kwa hiyo mitambo mingi hupuliziwa oksijeni kidogo ili chuma kijenge utando mwembamba wa kukilinda. Oksijeni, mleta kutu, ndiyo mlinzi. Mitambo mipya yenye vyuma maalumu huhitaji oksijeni pungufu ya hiyo.