Nisea haikuchagua vitabu vya Biblia

"Mwaka 325 maaskofu walikaa Nisea chini ya Kaisari Konstantino wa Roma, wakapiga kura, wakabakiza Injili nne na kuchoma nyingine themanini." Sentensi hii hurudi kila muhula. Huulizwa darasani, huulizwa baada ya semina za parokia, husambazwa kwenye simu ikiwa video yenye muziki wa kutisha. Wanaoirudia ni Wakatoliki, Walokole, Waislamu na wasio na dini. Ni dhana isiyobagua.

Haina ushahidi hata nusu mstari.

Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu katika mji ulioko Uturuki ya leo, uliacha maandishi machache, na mtu anaweza kuyasoma yote kwa nusu saa: Kanuni ya Imani, yenye laana kwa wanaosema kuna wakati Mwana hakuwako, kanuni 20 za nidhamu, na barua kwa Kanisa la Aleksandria kuhusu Ario, padri aliyefundisha kuwa Mwana aliumbwa, kundi la Meleti lililojitenga, na tarehe ya Pasaka. Ya kwanza katika zile ishirini inamkataza ukleri (ushemasi, upadri, uaskofu) mwanamume aliyejihasi akiwa mzima, lakini inamwachia aliyehasiwa na tabibu kwa ugonjwa. Ya 4 inataka askofu awekwe na maaskofu wote wa jimbo, na ikishindikana wasipungue watatu, wengine wakikubali kwa barua. Ya 17 inawavua madaraka makleri wanaokopesha kwa riba, na inataja riba yenyewe: moja kwa mia, ambayo kwa hesabu ya Warumi ni ya kila mwezi. Ya 20 inaagiza watu wasali wamesimama siku za Jumapili na majira ya Pentekoste. Pitia zote, kuanzia matowashi hadi magoti. Orodha ya vitabu haimo, wala jina la kitabu kilichokataliwa.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Sheria ya Kanisa tunaiita kanuni. Nasadiki tunaiita Kanuni ya Imani. Halafu kwenye vitabu vya teolojia kuna kanuni ya Maandiko, ambayo wengine huiandika kanoni ili kupunguza mkanganyiko. Mtu akisikia "Nisea ilitunga kanuni", anajimalizia mwenyewe: ya Biblia! Neno limetufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini asili yake ni Kigiriki, *kanon*, mwanzi ulionyooka wa kupimia. Maaskofu wa Nisea walilitumia kwa taratibu za Kanisa. Matumizi yake kwa vitabu tunayakuta katikati ya karne ya 4, pale Atanasi, askofu wa Aleksandria, anaposema kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma hakimo katika kanoni. Ushauri wangu kwa wanaofundisha: andikeni kanoni kwa orodha ya vitabu, kanuni kwa sheria, na msichanganye hata kwenye ubao.

Huyo Atanasi ndiye shahidi anayeivunja dhana hii. Mwaka 325 alikuwa Nisea, shemasi wa askofu wake Aleksanda. Maisha yake yote baadaye aliutetea mtaguso ule, akafukuzwa jimboni mara tano. Mwaka 367, katika Barua yake ya 39 ya Pasaka, anaorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, na ndiyo orodha ya zamani kabisa tuliyo nayo inayolingana kitabu kwa kitabu na Agano Jipya la leo. Kama Nisea ingekuwa imeamua, huyu ndiye angeitaja kabla ya mtu mwingine yeyote. Haitaji. Anasema ni vitabu vilivyokabidhiwa na kuaminiwa. Tena Agano lake la Kale si la mtu yeyote tunayemjua leo: Esta kaiweka nje ya kanoni, pamoja na Yudithi, Tobiti, Hekima, Sira, Didake (kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo) na Mchungaji, vitabu anavyoviruhusu kwa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Wanaomtaja Atanasi kama mwisho wa mjadala wangesoma barua yote kwanza.

Shahidi wa pili ni Wakristo wa dola ya Uajemi. Mwaka 410 maaskofu wao walikutana Seleukia-Ktesifoni, mji mkuu wa dola hiyo, na kupokea imani na kanuni za Nisea. Biblia yao ya Kisiriaki, Peshita, iliendelea kuwa na vitabu 22 vya Agano Jipya: haina 2 Petro, 2 na 3 Yohane, Yuda wala Ufunuo. Walipokeaje Nisea bila kupokea orodha yake? Kwa sababu orodha haikuwako. Na Konstantino, hata angetaka kuchoma kitabu, mkono wake usingefika Ktesifoni.

Shahidi wa tatu unaweza kumfungulia kwenye intaneti bila malipo. Kodeksi Sinaitiko (kodeksi ni kitabu cha kale cha kurasa zilizoshonwa) iliandikwa karne ya 4, kwenye ngozi, safu nne kwa ukurasa. Nenda mwisho. Baada ya Ufunuo, mwandishi hapumziki. Anaendelea na Waraka wa Barnaba, kisha Mchungaji wa Herma. Kodeksi Aleksandrino ya karne ya 5 nayo ina 1 na 2 Klementi. Hizo ni kati ya Biblia za bei kubwa za zama zile, na hazifuati amri yoyote iliyopigiwa kura.

Hadithi ya kura ilitoka wapi basi? Kuna andiko la Kigiriki lisilo na jina la mwandishi, Synodicon Vetus, la mwishoni mwa karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya tukio. Linasema vitabu viliwekwa altareni, watu wakasali, vya kweli vikakutwa juu na vya uongo chini. Lilichapwa Strasbourg mwaka 1601, mwandishi Mfaransa Voltaire akalifanyia mzaha katika karne ya 18, na mzaha ukasafiri bila tabasamu lake. Riwaya ya mwaka 2003, The Da Vinci Code, ikamalizia kazi. Angalia pia kwamba hata hiyo hadithi ya altare haina kura ndani yake. Kura zimeongezwa njiani.

Wabishi waliosoma kidogo huleta hoja mbili, nazo zijibiwe. Ya kwanza ni Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, anayesema katika dibaji yake ya Yudithi kwamba husomwa mahali kuwa Nisea ilikihesabu kitabu hicho kati ya Maandiko. Ni kweli kasema. Lakini kukinukuu kitabu kama Maandiko wakati wa mjadala si kutoa orodha, na kanuni ishirini tunazo. Ya pili ni nakala 50 ambazo Konstantino alimwagiza Eusebi, askofu wa Kaisaria, kwa ajili ya makanisa ya Konstantinopoli. Barua imo katika Maisha ya Konstantino, kitabu cha 4. Kaisari anataka ngozi nzuri, maandishi yanayosomeka, waandishi stadi. Anatoa ruhusa ya magari mawili ya serikali, na shemasi mmoja wa kusimamia usafirishaji. Vitabu gani viwemo, hasemi. Alimwachia Eusebi, mtu ambaye katika Historia yake ya Kanisa anakiri kuwa Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohane bado vinabishaniwa.

Orodha ilikua kwa kusomwa kanisani. Karibu mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, tayari anasema Injili ni nne, si zaidi wala pungufu, miaka 145 kabla ya Nisea. Sehemu kubwa ya nyaraka za Paulo zilikuwa zikizunguka pamoja katika kodeksi. Nakala ya mafunjo iitwayo P46, ya takriban mwaka 200, inazo nyingi pamoja, Waebrania ikiwemo. Kilichobaki kubishaniwa ni pembeni: nyaraka fupi, Waebrania upande wa Magharibi, Ufunuo upande wa Mashariki. Sinodi za Afrika, Hippo mwaka 393 na Karthago 397, zilitoa orodha kwa ajili ya makanisa yao. Mkatoliki anayetaka mtaguso mkuu wenye laana kwa anayeikataa orodha, angoje Mtaguso wa Trento, 8 Aprili 1546. Na Waethiopia wana vitabu 81, Henoko kikiwemo, hadi leo.

Dhana nyingine, kwa ufupi, kwa kuwa hazistahili jasho hilo.

"Nisea ilimfanya Yesu kuwa Mungu." Karibu mwaka 112 Plini, gavana mpagani, anamwandikia Kaisari Trayano kwamba Wakristo wanamwimbia Kristo kama mungu. Ario naye hakusema Yesu ni mtu tu. Alimwita Mwana mungu, ila aliyeumbwa. Ndiyo sababu Nisea ikaweka maneno "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Na Nasadiki inayosaliwa Jumapili si ile ya 325 ilivyokuwa. Ile ilikoma kwa "na kwa Roho Mtakatifu", kisha laana. Kanisa, ubatizo na ufufuko wa wafu ni vya andiko linalohusishwa na Konstantinopoli, 381.

"Konstantino aliufanya Ukristo dini ya dola." Mwaka 313 aliuruhusu. Amri ya kuwataka raia wafuate imani ya Nisea ni ya Kaisari Theodosi, 27 Februari 380.

"Vatikani inazificha Injili." Kodeksi za Nag Hammadi, zenye injili zisizomo katika Biblia, zilizofukuliwa Misri mwaka 1945, ziko Makumbusho ya Kikopti, Kairo, na tafsiri zimechapwa tangu miaka ya 1950. Injili ya Tomasi ina semi 114, haina mateso wala ufufuko. Isome kabla ya kuililia. Injili ya Filipo, kodeksi ya II ukurasa wa 63, ndiyo inayodaiwa kusema Yesu alimbusu Maria Magdalena mdomoni. Sentensi inafika "alikuwa akimbusu kwenye" kisha kuna tundu kwenye mafunjo. Mdomo umewekwa na wafasiri.

"Magdalena alikuwa kahaba." Hakuna Injili inayosema hivyo. Papa Gregori Mkuu alimuunganisha na mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 katika homilia ya mwaka 591, na Wagiriki hawakumfuata.

"Mababa wa Kanisa ni teolojia ya Kizungu." Neno *trinitas*, Utatu kwa Kilatini, tunalipata kwanza kwa Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, Tunisia ya leo. Augustino ni wa Thagaste, leo Souk Ahras, Algeria. Na kwa anayetamani kura za maaskofu, zipo, Afrika: tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 walikutana Karthago chini ya Sipriani, askofu wa mji huo, na maoni ya kila mmoja yameandikwa kwa jina lake na mji wake. Walikubaliana wote, kinyume cha askofu wa Roma. Hoja ilikuwa ubatizo uliotolewa na wazushi.