Wakati wa kuzuru Hokkaido: dhana potofu na ukweli wake

Watu wengi wanaopanga safari ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kabisa miongoni mwa visiwa vikuu vinne vya Japani, huuliza msimu upi ni bora, nao hupewa majibu ya mkato: nenda Februari uone theluji, au nenda Julai uone maua. Majibu hayo hayatoshi. Kisiwa hiki kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 78,000, kimegawanywa na milima katikati, na kimezungukwa na Bahari ya Japani upande wa magharibi, Bahari ya Okhotsk kaskazini mashariki na Bahari ya Pasifiki kusini mashariki, kwa hiyo wiki inayofaa upande mmoja inaweza kuwa ya hasara upande wa pili. Anayetaka kuchagua vizuri hana budi kuamua kwanza anataka kuona nini, kisha wapi, ndipo aangalie kalenda.

Dhana: Hokkaido iko mbali sana kaskazini, ndiyo maana ina theluji nyingi, tena kila mahali.

Sapporo, mji mkuu wa kisiwa, upo kwenye latitudo ya 43 kaskazini, karibu sawa na Marseille ya Ufaransa, na mwezi wa Agosti wastani wa joto lake hufika nyuzi 22 hivi. Kinacholeta theluji ni upepo mkavu na baridi unaotoka Siberia wakati wa majira ya baridi. Upepo huo hupita juu ya Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kuliko hewa hiyo, ukanyonya unyevu, kisha ukigonga milima ya Hokkaido unaumwaga unyevu wote kama theluji. Ndiyo sababu upande wa magharibi, yaani Sapporo, Otaru na Niseko, hufunikwa kabisa na theluji. Theluji inayoanguka Sapporo kwa msimu mmoja, ikijumlishwa, hukaribia mita 5. Upepo ukishavuka milima huwa umekauka, na miji ya mashariki kama Obihiro na Kushiro hupata anga ya buluu kwa siku nyingi za Januari, ingawa usiku wake ni mkali zaidi.

Tofauti hii ndiyo msingi wa uamuzi wowote wa kwenda Hokkaido wakati wa baridi. Anayetaka kuteleza kwenye theluji laini na kavu aelekee Niseko au Furano. Anayetaka kuwaona korongo wenye utosi mwekundu aelekee eneo la Kushiro, hasa kijiji cha Tsurui, ambako kati ya Desemba na Machi hukusanyika mahali wanapowekewa nafaka. Ndege hawa walidhaniwa kuwa wametoweka Japani hadi wachache walipoonekana tena katika kinamasi cha Kushiro mwaka 1924, na leo idadi yao imepita 1,000. Mtu anayekwenda kuwaona katika kiangazi hukuta wametawanyika kinamasini kuatamia, na huenda akaambulia kuwaona kwa mbali tu.

Dhana: Aliyezoea nchi za joto hawezi kuvumilia baridi ya Hokkaido.

Rekodi ya baridi kali kuliko zote nchini Japani iliwekwa Asahikawa, katikati ya kisiwa, tarehe 25 Januari 1902, kipimo kiliposhuka hadi nyuzi 41 chini ya sifuri. Takwimu hiyo hutajwa mno na huwatisha watu bila sababu. Wastani wa Januari mjini Sapporo ni nyuzi 3 hivi chini ya sifuri, na nyumba, treni na maduka yote hupashwa joto kiasi kwamba mgeni hulazimika kuvua koti kila anapoingia. Stesheni ya Sapporo na mitaa ya katikati ya mji ya Odori na Susukino zimeunganishwa kwa njia ya chini ya ardhi, na mtu anaweza kuvuka katikati ya mji bila kukanyaga theluji.

Hatari inayostahili kuchukuliwa kwa uzito zaidi ni utelezi. Theluji inayokanyagwa mchana na kuganda usiku huwa ngumu na laini kama kioo, hasa penye vivuko vya barabara. Ndiyo maana kwenye makutano mengi ya Sapporo kuna masanduku yenye mifuko ya changarawe laini, na mpita njia yeyote anaruhusiwa kuchukua mfuko, kuufungua na kunyunyiza mbele yake. Viatu vyenye soli inayoshika barafu ni muhimu kuliko koti la gharama kubwa.

Dhana: Wiki ya Tamasha la Theluji ndiyo bora kuliko zote.

Tamasha la Sapporo lilianza mwaka 1950, wanafunzi wa shule walipochonga sanamu 6 katika bustani ya Odori, na sasa huvuta umati mkubwa mwanzoni mwa Februari. Ni tamasha zuri, lakini katika siku hizo hoteli hujaa na bei hupanda sana, ilhali theluji yenyewe haiondoki tamasha likiisha. Kwa maoni yangu, mtu atakayekwenda mara moja tu na anayetaka majira ya baridi achague nusu ya pili ya Februari. Mchana umeanza kurefuka, korongo bado wapo, na barafu inayoelea ya Bahari ya Okhotsk huwa katika kilele chake.

Barafu hiyo huanzia kaskazini, ambako maji matamu ya mto Amur hupunguza chumvi ya tabaka la juu la bahari na kurahisisha kuganda, kisha husukumwa kusini hadi pwani ya Abashiri, Monbetsu na Shiretoko. Hapo pia kuna dhana potofu ndogo, kwamba barafu ikishafika imefika. Upepo ukigeuka huisukuma mbali kwa usiku mmoja, na meli ya watalii ikatoka kwenye bahari tupu. Ni busara kulala huko siku mbili au tatu.

Dhana: Maua ya micheri huchanua mwisho wa Machi.

Hiyo ni Tokyo. Hokkaido micheri huchanua kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, ikianzia kusini huko Matsumae na Hakodate. Kipindi cha mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili ndicho ninachokishauri kwa uchache zaidi, kwa kuwa theluji ya mjini imechafuka na inayeyuka, na mashamba bado hayajawa kijani.

Dhana: Kiangazi chote ni cha maua ya lavenda na hakuna mvua.

Ni kweli kwamba msimu wa mvua unaosumbua sehemu nyingine za Japani mwezi Juni na Julai hautangazwi rasmi kwa Hokkaido. Hata hivyo Agosti na Septemba hupata mvua nyingi, na Agosti 2016 vimbunga vitatu vilitua kisiwani na kuharibu reli na mashamba. Lavenda ya Furano hufikia uzuri wake kati ya mwanzo na mwisho wa Julai, kisha huvunwa. Upande wa Kushiro, kiangazi ni majira ya ukungu. Mwisho wa Juni ni chaguo ambalo halipewi haki yake: jua huchomoza kabla ya saa 10 alfajiri na visiwa vya Rishiri na Rebun hujaa maua ya porini.

Dhana: Majani ya miti hugeuka mekundu Novemba.

Anayefuata kalenda ya Kyoto atachelewa. Kwenye mlima Asahidake, wenye mita 2,291, rangi huanza katikati ya Septemba, na gari linaloning'inia kwenye kebo humfikisha mgeni karibu nazo. Jozankei, jirani na Sapporo, hufuata katikati ya Oktoba. Novemba miti mingi imeshapukutika.

Dhana: Siku chache zinatosha kuzunguka kisiwa chote.

Treni kutoka Sapporo hadi Abashiri huchukua saa zaidi ya 5, na Hakodate nayo iko mbali, upande wa pili. Wakati wa baridi baadhi ya barabara za milimani hufungwa, ikiwemo ile ya kuvuka rasi ya Shiretoko, na zilizo wazi zina mishale ya rangi nyekundu na nyeupe iliyotundikwa juu ili kumwonyesha dereva ukingo ulipo pale theluji inapoufunika. Desemba jua hutua Sapporo karibu saa 10 jioni. Kwa safari ya wiki moja katika majira hayo, eneo moja, au mawili yanayopakana, ndiyo kiasi kinachowezekana.