Kupanda Mawimbi Makubwa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Wimbi refu kuliko yote ndilo linaloua.
Rekodi ya dunia iko Nazaré, Ureno: mita 26.21, wimbi alilolipanda kwa ubao Mjerumani Sebastian Steudtner tarehe 29 Oktoba 2020. Akashuka salama. Mark Foo, gwiji wa mchezo huu kutoka Hawaii, alifia Mavericks, California, tarehe 23 Desemba 1994, kwenye wimbi ambalo kwa viwango vya pale lilikuwa la kawaida tu. Kinachoua mara nyingi ni kubanwa chini: wimbi la kwanza likikukandamiza ukachelewa kuibuka, la pili linakukuta hujavuta pumzi. Teahupo'o, Tahiti, ina shari yake nyingine, kwani maji ni kidogo juu ya matumbawe makali.

Dhana: Mawimbi ya Nazaré hukuzwa na upepo wa palepale.
Upepo ulioyazaa uko mbali, katika Atlantiki. Pale kuna korongo la chini ya bahari linalofika karibu na ufuo. Wimbi linalopita juu ya korongo halipunguzi mwendo. La pembeni, kwenye kina kifupi, hupungua na kupinda. Yakikutana, yanapandiana.

Dhana: Hema harakaharaka kabla ya kuingia, ujaze oksijeni.
Hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana inasikika kama busara. Damu ya mtu mwenye afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Kuhema kwa kasi kunafukuza hewa ya ukaa tu, na hiyo ndiyo inayompigia mtu kengele kwamba anahitaji kupumua. Kengele ikinyamaza, oksijeni huisha kimyakimya, mtu akazimia majini bila kuhisi dhiki. Pumua taratibu, kisha vuta pumzi moja kamili. Ukishapigwa, jikunyate, linda kichwa kwa mikono, usishindane na maji: misuli inayohangaika inakula oksijeni. Mazoezi ya kubana pumzi yasifanywe peke yako, hata bwawani.

Dhana: Fulana ya gesi inamaliza hatari.
Ukivuta kishikio, chupa ndogo ya gesi hujaza mifuko ya fulana. Ukivuta kabla wimbi halijakufikia, hutaweza kupiga mbizi kulipita chini. Litakubeba juu na kukubwaga nalo. Tena povu limejaa hewa, halimfanyi mtu aelee kama maji matupu.

Dhana: Wimbi kubwa, ubao mkubwa.
Kwa anayepiga maji kwa mikono, ndiyo: takriban mita 3. Anayevutwa kwa jetiski, yaani pikipiki ya majini, hutumia wa karibu mita 1.8, wenye mikanda ya kushika miguu, na mara nyingi huongezewa uzito ili usirukeruke.

Dhana: Wapandaji hawaogopi.
Wanaogopa sana. Kinachowavuta ni ile raha ya kushuka kwa kilomita 60 kwa saa au zaidi, nayo hudumu sekunde chache.

Dhana: Jetiski ipo, utaokolewa tu.
Kati ya wimbi na wimbi kuna kama sekunde 15 hadi 20. Ndani ya muda huo dereva aingie, akione kichwa chako katikati ya povu, akupitie ubavuni, ushike vishikio vya machela iliyofungwa nyuma, mtoke. Povu zito likiingia kwenye pampu inayosukuma jetiski, injini inanguruma na chombo hakiendi. Ndiyo maana jetiski ya pili husubiri nyuma, na Nazaré mtu mwenye redio hukaa juu ya jabali akiwaelekeza madereva kichwa kilipoibukia.